Dakika Mbili za Mlango

Mkuu wa vipindi vya televisheni alikuwa na tabia ya kusema "watazamaji wangu" kama mtu anayetaja mbuzi wake. Kusikia alisikia vizuri. Kuelewa ndiko kulikomshinda. Alipoonyeshwa tamthilia mpya yenye maandishi ya viziwi chini ya picha, alikunja uso.

"Haya ya kwenye mabano ni ya nini? 'Mlango unagongwa', 'mbwa anabweka'. Yananichafulia picha. Futa yote, bakiza maneno ya waigizaji."

Mwandishi wa maandishi hayo, mwanamke aliyeifanya kazi hiyo miaka sita, alijua huo ni upuuzi mtupu. Mara ngapi amewafundisha wengine kwamba sauti ambayo haionekani inatoka wapi ndiyo ya kuandikwa kwanza? Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na wa kutia saini mpya ni huyo huyo bwana. Akafuta mistari arobaini na mmoja, akijidharau kuliko alivyomdharau mkuu.

Wiki iliyofuata wakaalikwa viziwi kumi na wawili waitazame kabla haijarushwa. Mmoja wao alikuwa baba yake mzazi, fundi cherehani mstaafu, aliyepoteza uwezo wa kusikia ukubwani. Kusema alisema, kujibiwa mpaka aandikiwe.

Ikafika ile sehemu. Mwanamume amesimama nje ya chumba cha mama yake. Ndani mama anakohoa, anagonga ukuta, anakohoa tena, kisha kimya. Mwana haingii. Dakika mbili nzima viziwi wakatazama mlango. Mmoja akapiga miayo.

"Unaona walivyozama?" mkuu akamnong'oneza mwandishi, kichwa kimemvimba.

Taa zilipowashwa, baba akauliza kwa sauti kubwa, "Yule mama kafa vipi? Na mwanawe pale mlangoni alikuwa anafanya nini?"

Mkuu akapanua mdomo kama anayemlisha mtoto uji. "Si kitu, mzee! Si muhimu!"

Midomo hiyo baba aliisoma bila shida. Akamgeukia binti yake. "Kuna kitu kimeondolewa. Nani kafuta?"

Binti akaandika kwenye simu: Mimi, baba. Niliamriwa.

Mzee akasoma. Wala hakumtazama mkuu hata kidogo. Hakumwona mtu wa kupotezea muda.

"Na nyumbani, mwanangu," akasema mbele ya wote, "mkicheka mezani, nikakuuliza kuna nini, ukaniandikia 'si kitu', huko nako unaamriwa na nani?"