Tapeti za Marehemu

Swali lolote la injini kuukuu fundi alilijibu bila kuinua kichwa. Moshi wa bluu? Inakula oili. Inachemka mlimani? Angalia rejeta kwanza, acha kuusingizia mlima. Swali moja tu lilimshinda, nalo lilikuwa nyumbani kwake, limeketi dirishani.

Kaka yake alipofariki alimwachia jipu la dizeli ambalo lingekuwa mtu, lingeshakuwa na wajukuu. Lilikuwa na mlio wake: ka-taka, ka-taka. Marehemu, naye fundi, hakuwahi kupima kwa kipimo nafasi za tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu. Alitumia kipande cha boksi la sigara na kidole chake, akaziacha zimelegea makusudi zikigonga hivyo, akidai zikibana mno valvu huungua. Sasa kila jioni mdogo mtu alipoingia getini, mama yao, ambaye macho yalishafifia, aliusikia mlio huo akachangamka.

"Karibu, mwanangu wa kwanza! Umechoka, baba?"

"Mama, ni mimi, Kitinda."

"Haya, baba," mama alijibu, akaendelea kumwita kwa jina la marehemu. Msibani hakudondosha hata chozi, na watu walimsifu kwa kujikaza. Kumbe hakuwa amemzika mtu.

Fundi alikula sahani ya marehemu na kujibu salamu za marehemu. Hata ndani ya jipu kiti kilibonyea kwa umbo la kaka yake, na siku nyingine alijikuta ameketi ukingoni, kama anayemwachia mwenzake nafasi. Iliogofya, na ilimuuma. Alimpenda kaka yake, lakini naye alitaka mama amtambue, japo mara moja.

Jumamosi moja akafungua injini, akapima kila tapeti kwa kipimo cha chuma, akazikaza sawasawa. Jipu likatulia kama jipya. Jioni akaingia nalo kimyakimya.

"Eh! Kitinda!" Mama alishtuka alipomgusa mkono. "Umeingia saa ngapi? Hata sikukusikia!"

Fundi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mama akamuuliza habari za kazi, akamtania kwa kitambi chake. Kisha akageukia dirisha.

"Kaka yako kachelewa leo."

Chakula kikapoa. Kila gari lilipopita barabarani, mama aliinua kidevu, halafu akakishusha. Mwishowe akaifunika sahani.

"Basi kafa kweli," alisema, na kilio alichokifungia tangu msibani kikamtoka, hadi majirani wakaja mbio.

Asubuhi fundi hakugusa hata chai. Alikata kipande cha boksi la sigara, akazilegeza tapeti moja moja kwa kidole, kama alivyozoea kumwona kaka yake akifanya. Akawasha. Ka-taka, ka-taka. Akalitoa jipu hadi barabarani, akaliingiza tena getini polepole, akiomba Mungu moyoni.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba, kichwa kakiinamisha upande akisikiliza. Kwa kitambo fundi aliamini kwamba amefaulu.

"Zima, Kitinda," mama alisema. "Huyo ni wewe."