Ulimi wa Kuonjea Makumbi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wifi yangu alikuja kwa wiki mbili, akamaliza miezi minane, na jembe alilolitaka ni langu.

"Trei mbili za miche zimekufa," alimwambia mume wangu, kaka yake, nami nimesimama palepale. "Ya tatu ikifa, kitalu nipe mimi. Mkeo apumzike."

Mume wangu akaangalia viatu vyake. "Haya. Ya tatu ikifa, utachukua."

Mwanamume mzima! Siku hiyo nilimchukia kuliko dada yake.

Kitalu kile nilikianzisha mwenyewe, kwa makumbi ya nazi. Unayachambua, unayatwanga, unayachekecha mpaka ubaki na ungaunga laini unaoshika maji, na humo ndimo unamopanda mbegu ya nyanya. Ila makumbi yetu huja na chumvi, na chumvi huua mche ungali na majani mawili. Kwa hiyo unaloweka, unamwaga, unaloweka tena, na kila mara unaonja maji kwa ncha ya ulimi. Chumvi ikiisha, unapanda. Marehemu mama alinifundisha hivyo, na kwa miaka kumi sikukosea hata mara moja.

Trei ya tatu ilichipua vizuri. Siku ya kumi nikaikuta miche imeungua ncha, imelala. Nilimfuata wifi jikoni mbio.

"Umenitilia chumvi! Mchawi mkubwa wewe!"

Alitoka hadi kwenye beseni la makumbi ya trei ya nne, niliyoyaonja asubuhi ile nikaona yako tayari. Akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Onja na wewe."

Nikaonja. "Maji matupu haya."

"Chumvi tupu! Wifi, ulimi wako umekufa tangu yale mafua. Miezi mitatu tunakula mchuzi wako tumefumba macho. Kaka katukataza kusema, mimi na watoto."

Nilitaka kumrushia lile beseni. Kisha nikawakumbuka wanangu mezani, kikombe cha maji juu ya kikombe, nami nikidhani ni joto. Aibu ikanishika mpaka masikioni.

"Na trei zangu? Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilijua. Kitalu nakitaka, sikufichi. Lakini kuitwa mchawi, ng'o!"

Mbegu ilikuwa imebaki pakiti moja. Nikamwaga maji, nikatia mengine, nikakoroga kwa mikono miwili. Nilipomaliza nilimsukumia beseni bila kumtazama usoni.

Akaonja. Akatema karibu kabisa na mguu wangu.

"Bado."

Na mimi, ambaye sikuwahi kumwamini hata aliponiambia ni saa ngapi, nikamwaga tena.