Kisichotembea, Kipite

Mende alikuwa amelala chali ndani ya chupa, miguu juu, kama mlevi aliyesinzia kwenye kitanda cha watu. Georgette aliinyakua chupa ile kwenye mkanda, akaitumbukiza katika kreti la kushoto, la chupa chafu, na mkono wake ukarudi mahali pake kabla mende hajamaliza kuviringika. Chupa arobaini kwa dakika. Nyuma ya mkanda palikuwa na taa nyeupe. Mbele ya taa, chupa tupu zilizotoka kuoshwa. Mbele ya chupa, macho yake. Kwa Kifaransa kazi ile ilikuwa na jina zuri, mirage. Wafanyakazi waliiita tu "kwa taa", na aliyekaa hapo muda mrefu alitambulika hata katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, kwa jinsi alivyofinya macho juani kama paka.

Miaka minne alikuwa amekaa hapo. Diploma yake ya ualimu ilining'inia mtaani Kasha, katika ukuta wa nyumba ya mama yake, ndani ya fremu yenye kioo. Georgette alijua kuichambua sentensi ya Kifaransa mpaka mfupa wa mwisho, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba padri wa parokia alimpelekea mahubiri yake ayapige pasi. Lakini nafasi aliyoahidiwa katika shule moja ya Nyangezi ilimwendea shemeji wa mkaguzi. Aliambiwa asubiri mwaka ujao. Mwaka ujao nao ukaja na shemeji wake. Basi akapanda lori la kiwanda cha limonadi, kule chini ya mtaa wa Nguba kando ya ziwa, akakalia kigoda cha mbao, kwa kuwa mama yake alikuwa mjane na karo ya Colombe, yatima wa dada yake, haikujua kusubiri mwaka ujao.

Hasira yake haikuwa moto wa majani makavu unaowaka na kuzimika. Ilikuwa kaa chini ya majivu. Kila asubuhi aliifunika, kila jioni akaikuta hai. Na aliyeichochea zaidi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Polycarpe, kapita, msimamizi wao, ambaye kila siku saa moja alipita nyuma ya vigoda akisema maneno yaleyale.

"Uridhike, dada. Kazi iko kazi. Angalia wangapi wako inje ya mulango."

Moyoni Georgette alisema kwamba hata mbuzi wa kamba huwa na wengi wanaomtamani nje ya ua.

"Leo umenuna mpaka chupa zinaogopa kupita," alisema Asumini, aliyekaa kwenye taa ya pili, katika mkanda wa pembeni. Alikuwa mwanamke wa Uvira, mtu mzima, kilemba chake hakijawahi kupinda. "Mimi nawahesabu mende wangu. Wakifika elfu, naolewa tena."

"Wamefika wangapi?"

"Mia tisa tisini. Ndiyo maana nimeanza kuwaonea huruma."

Kiwanda kilikuwa cha Mgiriki mmoja mzee. Kisha redio ikasema mali ya wageni inarudi kwa wananchi, na wananchi wakangoja kuona mwananchi yupi. Akaja mkurugenzi mpya, citoyen Ciruza, yaani mwananchi Ciruza, mtu wa chama, ambaye hadi wiki iliyotangulia hakuwa ameshika chupa tupu isipokuwa ile aliyoimaliza mwenyewe. Alibadilisha picha ofisini. Alibadilisha gari. Akabadilisha majina ya wafanyakazi kwenye karatasi, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Hivyo Georgette, aliyebaki Georgette kwa mama yake, kiwandani akawa citoyenne Cibalonza. Kitu ambacho mkurugenzi hakukigusa ni agizo la dawa ya kuoshea, ile kali inayokula hata ngozi ya vidole. Pipa la mwisho lilipokwisha, mzee Philémon wa mashine ya kuosha alitia maji matupu. Maji yaliposhindwa, alitia maji na mchanga.

Hapo chupa zikaanza kuja na habari zao. Bukavu hakuna atupaye chupa. Chupa ya limonadi hutunza mawese, hutunza dawa ya kikohozi, hutunza petroli ya taa, kisha hurudishwa dukani ikiwa imefungwa mdomo kiungwana. Mawese hujitangaza yenyewe. Petroli ni mnafiki. Huacha utando mwembamba usioonekana mpaka uigeuze chupa robo mzunguko, taratibu, na hapo tu rangi za upinde wa mvua hupita mara moja kwenye kioo na kutoweka. Asumini ndiye aliyemfundisha Georgette ile robo. Iliwachukua miezi mitatu.

Siku ya Jumatano makreti ya kushoto yalijaa mpaka yakaziba njia, na citoyen Ciruza akashuka ngazi, suti yake ya abacost ya rangi ya majivu imefungwa hadi kooni.

"Nani anatoa chupa zangu?"

"Mimi, citoyen directeur."

"Theluthi nzima, citoyenne. Unataka niuzie watu hewa?"

"Ni chafu."

"Chafu." Alilitafuna neno lile kama mtu aliyeuma jiwe katika wali. "Wewe nasikia umesoma. Basi nitakupa kanuni, maana waliosoma wanapenda kanuni. Kinachotembea, toa. Kisichotembea, kipite."

Polycarpe alicheka wa kwanza, kwani hiyo nayo ni sehemu ya kazi ya kapita. Wengine wakafuata. Georgette alimtazama mkurugenzi, akatazama viatu vyake vipya, na kitu ndani yake kikaketi chini, kimechoka. Chupa hizi ni zake yeye? Kiwanda ni cha baba yake? Mtu aliyenyang'anywa darasa, akapewa kigoda, ana deni gani la uaminifu kwa kigoda?

"Vema, citoyen directeur," alisema.

Akatii. Kwa siku tatu mkono wake ulilala pajani. Aliziangalia chupa kama mtu anavyoiangalia mvua ya jirani. Kichwani alinyambua vitenzi. Ijumaa aliuona upinde wa mvua katika chupa moja, kisha katika nyingine. Kidole kikashtuka, akakituliza.

"Sasa ndipo kazi inalingana na wenyewe," alimwambia Asumini.

Asumini, ambaye hucheka hata msibani, hakucheka. "Macho yangu ni ya Uvira," alisema, akiitoa chupa polepole kwenye mkanda wake. "Hayakusikia vizuri amri ya bwana."

Jumapili ilikuwa komunyo ya kwanza ya Colombe. Uani kwa Maman Agathe, mama yake Georgette, mabenchi ya parokia yalipangwa chini ya turubai, maharagwe yalichemka, na katikati, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, yakakaa makreti mawili ya limonadi yaliyoletwa na lori la kiwanda Ijumaa jioni. Maman Agathe alivaa kitenge kilichokuwa kimelala sandukuni tangu mazishi ya mumewe. Akapiga makofi, watu wakanyamaza.

"Munywe bila woga," alisema. "Hii limonadi si ya kuokota. Kila chupa imepita mbele ya macho ya mutoto wangu. Hakuna uchafu unaopita macho ya Georgette."

Watu waliitikia kwa sauti ya heshima. Georgette, aliyekuwa amebeba sinia, alisimama pale pale. Kwa miaka minne aliamini kwamba mama yake anaionea aibu ile kazi, kama yeye. Hakujua kwamba nyuma ya mgongo wake, katika uzio wa majirani, kwenye foleni ya bomba, mwanamke huyu alikuwa akitembea na macho ya binti yake kama mtu anayetembea na mkufu.

Colombe, ndani ya gauni jeupe, aliinua chupa yake. Jua la saa saba likapenya. Shingoni mwa chupa, juu ya limonadi, duara jembamba lilielea, bluu, zambarau, manjano.

Georgette aliiweka sinia chini na kumpokonya mtoto chupa mdomoni.

"Mama mdogo?" Mtoto alibaki mkono hewani.

"Ngoja. Ngojeni wote. Msinywe."

Alizichukua chupa moja moja, akazipanga juu ya ukuta mfupi unaoelekea jua, akaanza kuzigeuza. Robo mzunguko. Robo mzunguko. Watu walimtazama, kwanza kwa mshangao, kisha kwa kicheko cha chini chini.

"Eh, huyu hata Yezu akiingia atamupitisha kwa taa," alisema tonton Edouard, mdogo wa marehemu baba yake, mtu wa mdomo. "Mutoto, leo ni Jumapili. Kapita hayuko hapa."

"Georgette," alisema mama yake kwa sauti ya chini, sauti aliyoihifadhi kwa aibu kubwa. "Unanifanyia nini mbele ya wageni?"

Sita alizitenga. Moja aliifungua, akampelekea tonton Edouard kwa mikono miwili kama anavyopelekewa mkubwa.

"Nusa, tonton."

Alinusa. Mzaha ukamtoka usoni. "Hii unaweza kuwasha nayo taa," alisema.

Maman Agathe aliichukua ile chupa, akainusa naye, akaitazama kwa muda mrefu, kana kwamba imemtukana kwa jina.

"Nani alipitisha hii?"

Georgette angeweza kusema mengi. Angeweza kumtaja mkurugenzi, na dawa iliyokwisha, na kanuni. Yote yangekuwa kweli, na yote yangekuwa pazia.

"Mimi, mama. Niliiona."

Hakuna aliyemsaidia kubeba jibu lile. Mama yake alileta beseni, akachuchumaa, akaanza kuzimimina zile sita, na petroli ikatandaza rangi zake juu ya povu. Alipofika ya mwisho, alisema bila kuinua uso:

"Na zile lori ilipelekea batu wengine?"

Jumatatu Georgette alikikalia kigoda chake kabla ya honi. Usiku kucha swali lile lilikuwa limemkalia kifuani, na alipoamka hakujisikia ametulia wala amesamehewa. Alikuwa na hasira. Ilikuwa hasira ileile ya miaka minne, ya mkaguzi na mashemeji zake, ya viatu vipya na pipa tupu; ila miaka yote alikuwa akiishika kama kisu, kwa makali, na kujikata mwenyewe. Asubuhi hii aliikuta ina mpini.

Akatoa. Kinachotembea na kisichotembea. Robo mzunguko, kushoto. Robo mzunguko, kushoto. Kufikia saa nne makreti yalipanda hadi mabegani, na mashine ya kujaza, iliyokosa cha kujaza, ikawa inakohoa. Polycarpe alikuja mbio.

"Dada, nakuomba. Utatuua. Nilikuambia uridhike."

"Nimeridhika, kapita," alisema Georgette, macho kwenye taa. "Nimeridhika kwamba hii ni petroli."

Citoyen Ciruza alishuka ngazi polepole. Mikanda yote miwili ikasimamishwa. Katika kimya kile ziwa lilisikika likilamba mawe nyuma ya ukuta.

"Nilikupa kanuni, citoyenne."

"Ni kanuni ya mtu anayetafuta mende. Watoto wanakunywa hizi chupa. Jana nimemtoa mmoja petroli mdomoni."

"Nje ya mlango huu kuna watu mia wanaokitaka hicho kigoda."

"Waite. Watahitaji mtu wa kuwafundisha. Inachukua miezi mitatu."

Mahali fulani nyuma, mzee Philémon aliguna, na guno lile halikuwa la kupinga. Mkurugenzi aligeuka, hakumwona aliyeguna, akageuka tena. Kisha akatabasamu, kama mtu aliyepata dawa ya maradhi yote.

"Polycarpe, zima taa hizo. Bila taa hakuna uchafu."

Polycarpe alisimama mkono kwenye swichi. Alimtazama Georgette kana kwamba anamwomba yeye ruhusa. Halafu akazima. Ukumbi ukawa wa kijivu, na chupa juu ya mkanda zikawa vivuli vilivyopanga foleni. Mkurugenzi alipanda ngazi. Baada ya muda mfupi, ofisini juu, mashine ya kuandika ikaanza kugonga. Na kila mtu pale chini alijua barua ile ya kufukuza inaandikiwa nani.

Georgette alisimama, akakinyanyua kigoda chake. Polycarpe alidhani anaondoka, akafungua mdomo ili amuage. Lakini yeye alitembea kuufuata mkanda hadi kwenye lango la kupakilia, pale unapokata kona kabla ya kuingia kwenye mashine ya kujaza, akasukuma bati la lango kwa bega. Mwanga wa ziwa ukaingia wote kwa pamoja. Akakiweka kigoda chini, akaketi, akafinya macho.

"Sogea," alisema Asumini nyuma yake, kigoda chake kwapani. "Lango ni pana. Na mimi bado nimebakiza mende kumi niolewe."

Mzee Philémon alimtazama Polycarpe. Polycarpe alitazama juu, kule mashine ya kuandika ilikokuwa ikigonga, kisha akatazama sakafu. Hakusema endelea, wala hakusema acha. Mzee akawasha mashine yake, mkanda ukaanza kwenda.

Chupa ya kwanza ilikuwa na upinde wa mvua, Georgette aliitoa. Ya pili ilikuwa na mchanga. Ya tatu aliiinua dhidi ya maji na anga, akaigeuza robo mzunguko, na haikuwa na kitu isipokuwa ziwa, dogo, limepinduka ndani ya kioo. Juu, mashine ya kuandika ilifika mwisho wa mstari, ikalia kengele, ikarudi kuanza mwingine. Alibaki na ile chupa mkononi muda mfupi kuliko pumzi moja. Akairudisha mkandani, akaiacha ipite.