Safu ya Walionyamaza

Daftari langu lilikuwa na safu tatu: Ndiyo, Hapana, Kimya. Kila Bunge lilipopiga kura ya kupunguza matumizi ya serikali, niliwapigia simu wabunge, madepite watatu wa upande wetu, nikamuuliza kila mmoja amejibu nini, nikaandika. Kisha niliwasomea akina mama wanaokamua mawese hapa Minago. Nina diploma ya sekretariati. Kuweka kila kitu mahali pake ndiyo kazi niliyosomea.

Mmoja wa madepite hao ni Abdoulkarim, mdogo wa marehemu mume wangu. Binti yangu Sumaya alipoolewa, yeye ndiye aliyekuwa walii, wa kumwozesha. Aliingia chumbani akamuuliza mara tatu kama anamtaka Fahadi. Sumaya akainamisha kichwa, hakusema neno. Abdoulkarim akamtokea shehe akicheka: "Amenyamaza. Amekubali." Tukapiga vigelegele.

Mwaka huu likaja pendekezo la kukata mazutu, dizeli ya ambilansi za vituo vidogo vya afya. Sumaya alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alitoka kwa kupasuliwa, na daktari alishasema wa pili atatoka hivyo hivyo, Rumonge mjini. Nikampigia Abdoulkarim kabla ya kura.

"Shemeji, hiyo mazutu ni ya mutoto wako."

"Iko mu kichwa yangu, shemeji. Unaniona mujinga?"

"Nakuona depite. Tofauti sijaijua."

Alicheka sana.

Siku ya kura tulizima kinu cha mawese tusikilize redio. Spika aliuliza, "Kuna anayepinga?" Hakuna sauti. "Imepita." Makofi.

Wawili waliniambia waliunga mkono, bila haya. Abdoulkarim alisema, "Mimi sikupiga makofi. Nilinyamaza. Ukipinga mbele ya watu, wanakufungia mulango. Nitaongea nao polepole, mazutu itarudi. Mutoto asihangaike."

Nikamwandika kwenye Kimya, na nilijivuna. Zipora, mmoja wa wakamuaji wetu, aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania akiwa na ulimi mrefu, akauliza, "Mama Sumaya, kimya iko ndiyo ama iko hapana?"

"Ni kimya. Ndiyo maana kina safu yake."

"Haya, sekreteri."

Jioni ile Fahadi alinijia jikoni. "Mama, nimupeleke Sumaya kwa shangazi yangu mujini, angojee kule?" Nilikuwa namenya mihogo. Kusema ndiyo kulikuwa kukiri mbele ya mkwe kwamba shemeji yangu hana nguvu. Sikujibu. Akauliza tena. Nikaendelea kumenya. Akaondoka, na Sumaya akabaki nyumbani.

Uchungu ulimshika Ijumaa, saa nne asubuhi, wiki tatu kabla ya siku aliyopangiwa. Ambilansi ilikuwa uani mwa kituo cha afya, imeoshwa inang'aa, tangi kavu. Fahadi aliendesha pikipiki, Sumaya katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Kitenge changu kililowa damu.

"Mama, bado mbali?"

"Si mbali," nilimdanganya.

Hakuuliza tena. Kwenye michikichi, kabla ya mji, kichwa chake kikalala begani kwangu, kizito. Tulimzika yeye na mtoto wake kaburi moja.

Abdoulkarim alikuja matangani. Alilia kweli, sitamsingizia. Akakaa mkekani karibu yangu.

"Shemeji, mimi sikusema ndiyo. Wewe unajua. Uliandika."

"Ulipotoka chumbani kwa Sumaya siku ya ndoa, ulimwambia nini shehe?"

Aliinuka mkekani. Akatafuta viatu vyake.

Wageni walipoondoka nilichukua daftari na rula. Nikaikata safu ya tatu kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Jina la Abdoulkarim nikalihamishia kwenye Ndiyo, kwa mwandiko mzuri, wa diploma.

Chini yake nikaandika la kwangu: Zuwena.