Miaka Kumi na Mitano ya Myles Gaughan

Siku Lorraine alipofika kutoka Boston, Bibi Delia alivaa shali yake ya kanisani, na ilikuwa Jumanne. Miaka sita nimekuwa mtunzaji wake, nimemchana nywele, nimempikia uji, nimemfunga kamba za viatu. Hajawahi kunivalia mimi shali ile.

Lorraine ni mjukuu wa dada yake Bibi, Sabina, aliyehamia Amerika. Alikuja kutafuta ukoo wake, na kumsimikia jiwe la kaburi mzee Myles Gaughan, baba yao Bibi na Sabina, ambaye hadi leo amelala chini ya majani matupu. Alikuwa na koti jekundu na kicheko cha mtu asiyewahi kukatazwa kitu. Jioni ya kwanza tu Bibi akamwita "kipenzi". Nikaenda kuosha vyungu vilivyokuwa safi tayari.

Baada ya wiki akapanda treni kwenda Dublin, kwenye karatasi za sensa za zamani, ambazo serikali imeruhusu watu wazisome kwa miaka mitatu sasa. Siku nne hizo Bibi aliuliza treni inarudi lini mara kumi na moja. Nilihesabu.

Festus, anayeleta barua, aliniona mlangoni akacheka. "Mbona umevimba hivyo, Attracta? Mkate umekuungulia?"

"Peleka barua zako, Festus."

"Aa, basi ni yule Mmarekani!"

Lorraine akarudi na daftari limejaa. Akaketi kwenye kigoda changu, magoti yake yakigusa ya Bibi.

"Sikiliza, Bibi. Mwaka 1901, hapahapa Carrowbeg. Myles Gaughan, mkulima, miaka hamsini na sita, hajui kusoma. Mabinti wawili, Delia na Sabina!"

Bibi akaweka kidole juu ya jina lake.

"Lakini kuna tatizo. Mwaka 1911 nilinakili majina ya wenye nyumba tu, na hapahapa Carrowbeg Myles Gaughan ana miaka sabini na mmoja. Mtu hazeeki miaka kumi na mitano ndani ya miaka kumi. Huyu ni mwingine. Kwenye kijiji cha Derrylea nimempata Myles Gaughan wa miaka sitini na sita kamili. Huyo ndiye wetu. Baba yako alihamia Derrylea, Bibi?"

Bibi akatazama moto. "Ni zamani, mwanangu."

Mimi nilijua. Pensheni ya wazee ilipoanza, ilitaka miaka sabini, na nusu ya wazee wa huku walizeeka ghafla. Polisi alipokuja na karatasi ya sensa, mzee Myles hakuthubutu kurudia umri wake wa kweli. Bibi aliniambia siku moja nikimchana nywele, akaniapisha, maana mpaka leo anaamini mtu wa serikali atabisha hodi adai pesa zile. Hata kasisi hajui. Nilikuwa najua mimi peke yangu, na ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho Lorraine hana.

Basi siri nikaitunza. Nikakata mkate.

"Kesho nahamia kwa hao Gaughan wa Derrylea," Lorraine akasema. "Fundi wa mawe ataanza kuchonga Jumatatu."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha, sifichi. Aende! Nikamtazama Bibi, nikadhani ataniangalia kwa siri, sisi wawili wenye siri yetu. Hakuniangalia. Alikuwa ameushika mkono wa Lorraine.

"Usiende," akasema. "Huyo wa Derrylea alikuwa muuza punda, tena mlevi. Utaweka jina la baba yangu juu ya mlevi?" Akavuta pumzi. "Baba alidanganya umri. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Hapo kisu kikanisimama mkononi.

"Yule afisa wa pensheni alikuwa akiuliza wazee kama wanaukumbuka Usiku wa Upepo Mkubwa, ile dhoruba ya zamani, iwe ushahidi wa umri wao. Baba alizaliwa miaka kadhaa baada ya upepo ule! Nikamwambia, sema mama yako alikufunga kwenye mguu wa kitanda usipeperushwe. Tukafanya mazoezi wiki nzima. Alipofika mbele ya afisa akazidisha, akasema kitanda nacho kilipaa!"

Lorraine akacheka mpaka machozi. Bibi naye. Mimi sikucheka. Habari ya kitanda sikuwahi kuisikia.

Lorraine akanigeukia. "Ulikuwa unajua, Attracta?"

"Miaka ya kuongezwa nilijua."

"Sasa mbona ulikaa kimya? Ningechonga jiwe la mtu baki!"

Nikamgeukia Bibi. "Miaka sita, Bibi. Hujawahi kuniambia habari ya kitanda."

"Hujawahi kuniuliza," akasema, bila ukali. "Wewe hukaa ukanitazama tu. Huyu ameuliza."

Ilinichoma kuliko shali. Nikafuta mikono, nikavuta sanduku la viazi, nikalikalia upande wake wa pili.

"Mama yako alisema nini," nikamuuliza, "aliposikia mtoto wake anamfundisha baba uongo?"

Uso wa Bibi ukafunguka. "Mama? Mama alitaka kutuua!"

Lorraine akashika kalamu.

"Iweke chini," nikamwambia. "Hili nimeuliza mimi."