Mstari Mwekundu Juani

Nakiru alipogonga kigingi cha mwisho, jua la Kakuma lilikuwa limeshamkalia mgongoni na upepo unaichezea timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, vile unavyotaka. Alishatega kamba kuzunguka kiwanja chote cha darasa, akapima pembe kwa futi, akarudia, akaridhika. Kilichobaki ni usawa, yaani alama ya kimo kimoja kwenye kila kigingi, ili msingi usije ukainamia upande mmoja kama mtu anayeumwa kiuno. Hiyo ndiyo kazi aliyoinunulia leza, kile kifaa kinachopiga mstari wa usawa kwa mwanga mwekundu.

Akaitoa kwenye boksi kwa mikono miwili. Vibarua wakaacha koleo wakaja kuona. Akaisimamisha juu ya miguu yake mitatu, akabonyeza, taa ndogo ikawaka. Wote wakageukia vigingi. Vigingi vilikuwa vigingi tu, miti mikavu juani, wala alama haipo.

"Imewaka kweli?" akauliza Mading. Huyu alikuwa mwashi kutoka Sudan Kusini, aliyeingia kambi hii ya wakimbizi akiwa kijana na sasa mvi zimemkuta humo humo.

"Imewaka."

"Sasa mstari uko wapi?"

Nakiru akasogelea kigingi cha karibu, akakikinga kwa kiganja. Kwenye kile kivuli kidogo uzi mwekundu ukatokea. Akaondoa mkono, ukapotea. Kigingi cha mbali walikikinga kwa shati la Mading, hawakuona kitu. Nakiru akajifanya anasoma maandishi ya boksi.

Si kwamba hakuwa na vifaa kabla ya leza. Alikuwa na pima maji yake, timazi, kamba, na mpira mrefu wa maji unaopitisha mwanga, ule ambao mmoja anashika ncha huku na mwenzake ncha kule, na pale maji yanapotulia ndipo mnapoweka alama. Kwa vitu hivyo alikuwa amejenga nyumba za watu tangu Lorugum mpaka Kalemng'orok, na hakuna iliyomwangukia mtu. Lakini mradi huu wa madarasa ulikuwa na afisa anayeitwa Reuben, na Reuben alikuwa na sharti lake.

"Fundi bila leza hatuandiki," alimwambia siku ya kujiandikisha. "Hizo zako ni za kizamani, mama. Wafadhili wanataka vifaa vya kisasa. Na uje na risiti ya ile hadwea ya Lodwar, karibu na stendi. Si ya pengine."

Ile hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, ilikuwa ya shemeji ya Reuben. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulinyamaza, kwa sababu kazi ziko wapi?

Basi Nakiru akauza mbuzi wa Atiir, mwanawe mdogo. Mtoto alipozaliwa, babu yake alimtoa mbuzi jike zizini kwake Kaikor, akamkata sikio alama ya ukoo, akasema huyu ni wa Atiir, atakunywa maziwa yake na watoto wake watakunywa ya wajukuu wa mbuzi huyu. Mnyama wa namna hiyo hauzwi bila kumuuliza mzee. Nakiru hakumuuliza. Alijiambia darasa likiisha atanunua wawili, ndipo aende Kaikor akamweleze. Tangu siku ile Atiir anakunywa chai ya rangi, na kila asubuhi anauliza mbuzi wake anarudi lini kutoka malishoni.

Na kosa la leza, tuseme ukweli, lilikuwa lake mwenyewe. Aliijaribu ndani ya duka. Mwenye duka alikuwa ameshusha pazia zito kuzuia vumbi, mle ndani giza kama pango, na ule mstari ukanyooka ukutani mwekundu, mzuri, mpaka Nakiru akaguna kwa raha. Mtu aliyezaliwa Turkana, aliyeshinda juani tangu utoto, akasahau jua! Alirudi nyumbani na furaha yake, akampa jirani ule mpira wa maji. Jirani akaukata vipande vya kunyonyea maji kutoka kwenye pipa.

"Nakiru, vipi huko?" Benard, msimamizi wa kontrakta, alikuwa anakuja na simu mkononi. "Lori la zege limetoka. Usawa tayari?"

"Nipe mpaka jua lipungue."

"Jua lipungue? Zege litangoja jua? Mimi sina ubaya na wewe, lakini lori likifika hapa bila alama, nitapigia mafundi wa Kitale simu. Na wakija, wanamaliza madarasa yote."

Akaenda zake. Nakiru akakaa juu ya rundo la mawe. Kazi ya miezi, mbuzi, mzee wa Kaikor, vyote vilikuwa vinaondoka na lori ambalo hata halijafika. Macho yakamwasha, akasingizia vumbi.

Mading akaufungua mfuko wake wa gunia, akatoa mpira wa maji, mzima, umekunjwa vizuri.

"Maleesh, dada," alisema, maana yake usijali. "Chukua hii."

"Umetoka nayo wapi?"

"Ni yangu. Hata mimi nilienda kujiandikisha. Afisa akaniambia ya kizamani. Mimi sina mbuzi ya kuuza, akanikata. Ndio maana leo nakubebea mawe."

Nakiru akaupokea mpira. Walimimina mpirani maji ya kunywa ya vibarua, wakatia majani ya chai yapate rangi, wakatoa mapovu. Mading akashika ncha moja, Nakiru nyingine, kigingi kwa kigingi. Lori lilipoanza kuguruma upande wa barabara, alama zote zilikuwa zimekamilika.

Nyuma ya lori ilikuja gari ya ofisi. Reuben akashuka na kijana wa kamera.

"Ejok, mama," akasalimia kwa Kiturkana. "Leza iko? Isimamishe hapo, tupate picha. Na hiyo mpira itoke, inaharibu."

Mading akauvuta mpira pembeni. Nakiru akasimama kando ya leza.

"Afisa, hii kitu juani haionekani."

"Najua," alisema Reuben bila kugeuka. "Nani hajui? Cheka kidogo."

"Ulijua na ukaniambia ninunue?"

"Mimi nilikuambia ninachotakiwa kukuambia. Walioko mbali hawaoni jua, mama, wanaona leza. Angalia kamera."

Picha ikapigwa. Nakiru hakucheka. Reuben akainama, akaanza kuikunja ile miguu mitatu.

"Hii naenda nayo. Kesho kuna picha Lorugum, na fundi wa huko hana."

"Alijiandikishaje bila leza?"

"Huyo ni mtu wangu."

"Na hii ni yangu."

"Nimesema si yako? Itarudi. Wewe si unatumia mpira?" Akamtazama kwa mara ya kwanza, taratibu, vile mtu anamtazama mtoto msumbufu. "Ama kazi umeichoka?"

Benard alikuwa amesimama karibu na lori, akitazama matairi. Nakiru aliwahesabu moyoni wote waliokuwa pale, hakumwona wa kumsemea.

"Ngoja niifunge vizuri," alisema. "Isije ikavunjika njiani."

Akapiga magoti, akawapa mgongo. Akafungua kile kifuniko cha chini, akatoa betri moja baada ya nyingine, akazitia kwenye mfuko wa aproni. Akafunga boksi, akalikabidhi. Gari ikaondoka na vumbi lake.

"Umetoa betri," alisema Mading.

"Nimetoa."

"Hata hatajua. Ya picha haihitaji betri."

"Najua."

Alizigusa mfukoni, bado zina joto la jua. Ndizo alizobakiwa nazo kutoka kwa mbuzi wa Atiir. Kisha zege likaanza kumwagwa, akaokota koleo.