Kengele ya Saint Bruno

Kati ya Norden na Saint Bruno hakuna kitu ila mahindi na soya, na barabara moja iliyonyooka. Mimi ni mtu wa Norden. Nilifanya kazi katika kiwanda chetu cha maziwa tangu ujana hadi kustaafu, nikasoma shule ya usiku huku nikifanya kazi, na watoto wangu wote nimewasomesha hapohapo. Watu wa Bruno tulijuana nao kwa mambo mawili: mpira na kengele. Kila walipotushinda mchezo wowote, hata mashindano ya kutaja herufi za maneno, waliipiga kengele kubwa ya kanisa lao. Upepo ukitoka kusini tuliisikia mezani tukila. Marehemu mke wangu alikuwa akiinuka na kufunga dirisha.

Kisha watoto wakapungua huku na huku, shule zikaunganishwa. Jina likagombaniwa mwaka mzima, mwishowe ikaitwa Twin Creek, jina lisilo la mtu. Jezi zikawa za rangi ya machungwa, kwa sababu hiyohiyo. Mimi niliendelea kusema Norden, na hakuna aliyenisahihisha usoni.

Mjukuu wangu Solveig anakimbia mbio za nyika. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni, na alitaka kitu kimoja tu: kwenda fainali za jimbo la Minnesota pamoja na timu yake. Peke yake alikwishakwenda mwaka jana, kwa kuwa wasichana wachache wa mbele huchukuliwa hata timu zao zikibaki nyumbani. Nilimwambia hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Akaniangalia.

"Babu, nilikula tambi hotelini na kocha. Sisi wawili. Akanisimulia habari za paka wake mpaka nikalala."

Watu wengi hudhani mbio ni za aliye mbele. Timu hutoa wasichana saba, na watano wao wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Nafasi zao hujumlishwa, na jumla iliyo ndogo ndiyo inayoshinda. Solveig angeweza kumaliza wa tatu katika uwanja mzima na bado timu ikazama, ikiwa yule wa tano wetu amepitwa na kundi zima. Na wa tano wetu alikuwa msichana wa Bruno, Bernadette Wessel, ambaye kila mtu alimwita Bernie. Alianza kukimbia mwaka huu tu. Alikuwa na miguu mirefu na haraka nyingi; aliondoka kwenye mstari kama mtu aliyeona moto, kisha kwenye kilima cha mwisho akakatika. Kocha Pokorny alimsemesha majira yote, na kila Jumamosi alikatika palepale.

Mwanzoni mwa msimu wasichana wa Bruno walikaa upande mmoja wa basi na wetu upande wa pili. Solveig ndiye aliyehama. Alikwenda kukaa na Bernie, na wiki chache baadaye nilimkuta Bernie jikoni kwangu akila mkate wangu wa viazi na kuuliza kama siagi imekwisha. Nilimpa siagi. Sikumuuliza habari za babu yake.

Babu yake ni Aloys Wessel. Kila mchezo wa Bruno niliouona maishani mwangu, Aloys alikuwa ukingoni akinguruma, "Piga kengele, Bruno! Piga kengele!" Sauti ile ilivuka uwanja ikakukuta kifuani. Tulikuwa hatujasemezana tangu enzi ambazo mnara wetu wa maji ulipakwa rangi za Bruno usiku, na mimi najua ni nani aliyeshika brashi.

Mashindano ya kanda yalifanyika Oktoba kwenye uwanja wa gofu, siku ya baridi na upepo. Timu mbili tu zingekwenda fainali. Ya kwanza ilijulikana, shule kubwa ya mjini ambayo hakuna aliyeifikia. Nafasi ya pili ilikuwa kati yetu na Harmon Falls, wenye jezi za kijani.

Wazazi katika mbio za nyika hukimbia karibu sawa na watoto. Wanaona mwanzo, wanakata katikati ya nyasi waone tena bondeni, kisha wanakimbilia mwisho. Magoti yangu hayataki tena mambo hayo, kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja juu ya kilima, ambako wasichana hupita mara mbili, nikasimama kwenye kamba. Hapakuwa na mtu mwingine ila Aloys Wessel na fimbo yake, kwa sababu ya nyonga iliyomsumbua.

"Nygaard," alisema. Sauti ilikuwa mnong'ono. Nilikuwa nimesikia kwamba alipasuliwa koo majira ya baridi, ila kusikia habari na kuisikia sauti yenyewe ni mambo mawili.

"Wessel."

"Umekuja kuhesabu ng'ombe?"

"Nimekuja kuhesabu kijani," nikamwambia.

Akasogea karibu, maana upepo ulikuwa unayachukua maneno yake.

Mzunguko wa kwanza, Solveig alipita akiwa na wale wa mbele, uso mtulivu. Watatu wetu wakafuata wakiwa pamoja, kama kocha alivyowafundisha. Bernie alikuwa mbele yao, tena mbele sana, na mimi na Aloys tuliguna kwa pamoja.

"Amelipuka tena," alinong'ona.

"Anakula vizuri lakini," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Mzunguko wa pili Solveig alikuja akiwa wa tatu. Nilimwita kwa sauti yangu yote, na nina sauti. Nimeimba besi kanisani tangu nivunje sauti ya utoto. Watatu wetu wakapanda vizuri. Nilikuwa nawahesabu Harmon Falls kwa vidole. Walikuwa wamepita wanne. Kisha wa tano wao akatokea chini ya kilima, na nyuma yake kidogo, kichwa kimelala begani, alikuwa Bernie.

Alikuwa anakatika. Miguu iliendelea, ila mikono ilikuwa imeanguka, na macho yake yalikuwa chini kwenye nyasi. Msichana wa kijani alikuwa akimwacha. Aloys alifungua mdomo. Mishipa ya shingo ikasimama, na kilichotoka hakikufika hata kwenye kamba. Akajaribu tena. Kisha akanishika mkono wa koti.

"Mwite," alisema.

Nikamwita. "Bernie! Kaza, Bernie!" Hakuinua kichwa. Kila mtu uwanjani anaitwa jina lake, na baada ya mzunguko mmoja majina yote huwa kelele tu.

"Siyo hivyo. Mwite kama mimi."

Nilielewa mara moja, na nikatamani nisingeelewa. Nilimtazama. Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa na maji, huenda ni upepo. Bernie alikuwa anafika chini yetu.

Nikavuta pumzi ya mtu wa Norden, nikanguruma: "Piga kengele, Bruno! Piga kengele!"

Kichwa kikainuka kama kilichovutwa na uzi. Alimtafuta babu yake, akanikuta mimi mdomo wazi, na babu yake pembeni akipiga fimbo yake ardhini. Nikarudia, na mara ya pili haikuwa ngumu kama ya kwanza. Uso wa Bernie ukabadilika. Alikuwa anacheka, mtoto yule, anacheka bila pumzi, na mikono ikapanda. Mgongo wake wa rangi ya machungwa ulikwenda ukimkaribia yule wa kijani, mpaka wote wawili wakamezwa na kilele.

Mwisho wa mbio hatukuuona. Tulishuka polepole, fimbo yake na magoti yangu. Tulipofika wasichana walikuwa wamelala kwenye nyasi na kocha alikuwa anasoma matokeo yaliyobandikwa, kidole kikishuka. Kikasimama. Akakaa chini palepale, akafunika uso kwa kofia yake.

Tuliwapita Harmon Falls kwa pointi moja. Bernie alimpita yule wa kijani hatua chache kabla ya mstari.

Solveig alinijia akichechemea, matope mpaka kiunoni, akanikumbatia hadi kofia ikaanguka. Kisha akajitenga kidogo.

"Babu, Bernie anasema ulipiga kelele za Bruno."

"Bernie alikuwa amechoka. Mtu akichoka husikia mengi."

"Mimi pia nilisikia. Nilikuwa karibu na mwisho na nilisikia."

"Basi upepo ulikuwa mzuri," nikasema.

Aloys alikuwa ameletwa na binti yake, ambaye sasa alitaka kufuata basi la shule na kupiga honi njia nzima. Aloys alisema masikio yake hayajapasuliwa bado. Nikamwambia gari langu lina nafasi.

Tulikwenda barabara ile iliyonyooka, mahindi yamekwisha kuvunwa pande zote. Mnara wetu wa maji ulionekana mbali, na yeye akautazama muda mrefu.

"Rangi ilikuwa nzuri lakini," alinong'ona.

Kabla sijamjibu, kengele ikaanza. Sikuwahi kuisikia kwa karibu hivyo. Kulikuwa na mtu kule kanisani Bruno aliyekwishapigiwa simu, na alikuwa anaivuta kwa nguvu zake zote. Nikateremsha dirisha upande wangu, kisha upande wake.

"Funga, Arvid," alisema Aloys. "Baridi inaingia."

Nikamwambia avumilie kidogo.